Injini ya Shemeji

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu, na wengi wao ni watu wa mashati meupe: wahudumu wa hoteli, makarani, na mwalimu mkuu mmoja ambaye akiona doa la ukubwa wa sisimizi hurudisha furushi zima. Halafu nikaolewa na fundi wa injini ndogo. Ukitaka kujua maisha yangu yalivyo, tandaza shati jeupe mezani, kisha mkaribishe mtu mwenye mikono myeusi ya oili aje akuulize beseni liko wapi.

Watu wanamwita Fundi Sikio, na jina amelipata kihalali. Ukimletea pikipiki, jenereta au pampu ya maji, hakuulizi inaumwa nini. Anaiwasha, anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. Kisha anakwambia: valvu ya kutoa moshi imelegea. Au: ringi za pistoni zimekwisha. Ikifunguliwa inakutwa ni kweli. Ukweli huo umemletea wateja na umemletea kiburi, vyote kwa mkupuo. Mteja akianza kueleza, humnyamazisha kwa kiganja. "Usijichoshe. Itasema yenyewe." Nyumbani naye ni yuleyule. Nilimwambia bati la jikoni linavuja. Akaenda akaligonga kwa spana, akasikiliza, akasema halivuji. Mvua iliponyesha tulihama jikoni pamoja na sufuria.

Ana dada mmoja tu, mdogo wake, aliyemlea mwenyewe baada ya wazazi wao kufariki. Huyo ndiye wifi yangu. Kwa wifi, kaka yake akisema jua limechomoza, haangalii dirishani, anaamka. Mumewe ni mwanamume mrefu, mpole, asiyejua kupandisha sauti. Anasambaza mikate kutoka kiwandani kwenda madukani kwa pikipiki ya magurudumu matatu, ile yenye bodi la bati nyuma la kupangia kreti. Huyo ndiye shemeji, na injini ya chombo chake ndiyo iliyotutia wote wazimu.

Mara ya kwanza ililetwa kwa sababu ilikuwa inatoa moshi wa bluu. Mume wangu alisikiliza, akasema ringi, akafungua, ikawa ringi. Akabadilisha. Lakini wakati wa kuinua silinda, gasketi ya karatasi inayokaa chini yake kuzuia oili isivuje ilichanika, na duka la vipuri halikuwa nayo. Fundi halali njaa kwa kukosa karatasi. Unachukua karatasi ngumu, unailaza juu ya chuma, unagonga pembezoni taratibu kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, na makali ya chuma chenyewe yanaikata. Umbo linatoka vilevile na matundu ya bolti yanajitoboa. Karatasi aliitoa kwangu. Ni zile ninazoweka ndani ya mashati ili kola zisilale. Alichukua moja bila kuomba, akaacha alama ya dole gumba kwenye zilizobaki. Nilipiga kelele, akasema nina roho ndogo kwa kipande cha karatasi. Injini ikawashwa, bisibisi ikaenda sikioni. "Imetulia," akasema, na shemeji akaondoka anatabasamu.

Haukupita muda, akarudi anavutwa kwa kamba na pikipiki ya mwenzake. Injini ilikuwa imeanza kulia juu kama mtu anayetikisa sanduku la misumari, kisha ikazima njiani na mikate ikiwa bodini. Wifi naye alikuja mbio kutoka kwao, kanga imefungwa upande. Mume wangu akafungua kifuniko cha juu, akachungulia, akapitisha kidole. Kidole kikatoka kikavu.

"Umeiendesha bila oili," akasema.

"Hapana, shemeji. Oili ipo. Ile ya zamani nilimwaga nikaweka mpya kama ulivyoniagiza. Na kila asubuhi nachomoa kijiti naangalia."

Mume wangu akachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwepo, imefika kwenye alama, safi kabisa. Akaiangalia, akamwangalia shemeji, akacheka kwa pua.

"Naiona. Safi mno. Hii imewekwa leo."

Hapo lazima niseme haki. Wateja hufanya hivyo kila siku. Mtu anaendesha mpaka injini inakufa kwa kiu, kisha ananunua chupa ya oili njiani, anajaza, anakuja kwa fundi na uso wa msiba. Mume wangu ameyaona hayo mpaka amechoka. Kwa hiyo kijiti kikavu kingekuwa ushahidi, na kijiti kilicholowa nacho kikawa ushahidi. Maskini wa Mungu hakuwa na pa kutokea.

"Basi," shemeji akasema polepole, "labda wakati wa kufunga kuna kitu kilikosewa."

Heri angetukana. Wifi aligeuka kana kwamba kamwagiwa maji ya moto. "Unamwambia nani hivyo? Kaka yangu alikuwa anafungua injini wewe hujajua hata kuendesha baiskeli! Umeua chombo chetu kwa uvivu, sasa unamsingizia aliyenilea?"

"Sijamsingizia. Nimesema labda."

"Oili mtu anaweza kusahau. Lakini kunidanganya usoni, mbele ya ndugu yangu!"

Mume wangu akafuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nitaitengeneza," akasema. "Lakini siigusi mpaka huyu aseme kweli."

Nikaingilia. Nikasema, kwani mkiifungua yote kwanza mkaangalia, mtapungukiwa na nini? Nikaambiwa nikaangalie pasi yangu isije ikaunguza nguo za watu.

Jioni hiyohiyo wifi alihamia kwetu na begi. Sasa, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa pasi, akaunguza kola ya mwalimu mkuu. Nikamwondoa kwenye pasi nikamweka kwenye kamba, akaanika mashati ya hoteli ubavuni mwa kibanda cha ufundi cha kaka yake, upepo ukayapiga kwenye mnyororo wenye grisi. Usiku analia chumbani kwa watoto, asubuhi anamsifu kaka yake, mchana anamsema mumewe kwangu mimi, ambaye sikumuuliza. "Wifi, mwanaume mwongo ni mbaya kuliko mlevi." Nikasema ndiyo, wifi. Ningesema nini? Damu nzito kuliko maji, na mimi kwenye nyumba ile ndiyo maji.

Na injini imelala kibandani chini ya turubai, haiguswi. Shemeji aliazima baiskeli. Unaweza kubeba mikate mingapi kwa baiskeli? Kiwanda kikampa mtu mwingine maduka ya upande wa stendi, yeye akabakiwa na vibanda vya karibu. Kila jioni alipita kwetu, akasimama getini bila kuingia, suruali ameibana kwa vibanio vya nguo ili isinase kwenye mnyororo.

"Mke wangu, oili ilikuwepo."

"Ukiwa tayari kusema kweli nitarudi."

"Ndiyo hiyo."

"Basi usiku mwema."

Kila jioni vilevile. Nilitamani kuwagonga vichwa wote watatu, na cha mume wangu nikigonge mara mbili. Maana yeye alikuwa anakaa pale kwenye kigoda chake, anasafisha kabureta ya mtu mwingine, na anayasikia yote hayo kwa utulivu wa hakimu.

Kisha asubuhi moja shemeji aliingia. Alipita getini moja kwa moja, akakaa juu ya tairi kuukuu mbele ya kibanda, unga wa kiwandani bado uko mikononi. Wifi alikuwa anasuuza nguo. Akasema haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu: "Nimekuja kukiri. Sikuangalia oili. Iliisha, injini ikanoki, nikanunua chupa njiani nikajaza. Nisameheni."

"Iliisha lini?" mume wangu akauliza.

"Siku yoyote utakayosema, shemeji."

Mimi jibu hilo lilinikaa vibaya. Lakini wifi alikuwa ameshaacha maji, anamfuta mumewe unga kwa upande wa kanga, machozi yanamtoka. "Si ungesema tu tangu mwanzo? Ungesema tu!" Mume wangu naye akainuka, akampiga bega. "Binadamu hukosea. La muhimu ni kusema." Alisema na uso wa baba wa watu wote. Nilikuwa na shuka lililolowa mkononi, na Mungu anajua nilivyojizuia. Mchana huohuo wifi alirudi kwake, na jirani yao akaniambia mtu kapikiwa hasa, mpaka harufu imevuka ukuta.

Ndipo turubai likafunuliwa. Nilikuwa napiga pasi dirishani, kibanda kiko mbele ya macho yangu, kwa hiyo niliona kila kitu. Hedi, kile kichwa cha injini, ilitoka kwanza. Ile kamshafti inayosukuma valvu ilikuwa imeliwa na kugeuka rangi ya bluu kwa joto. Roka, vile vyuma vinavyobonyeza valvu, zilikuwa zimechimbika. Valvu ya kutoa moshi ilikuwa imeganda ndani ya njia yake, akaigonga ikakataa, akaipaka mafuta ya taa ikakataa, na bolti moja ya bomba la moshi ikakatikia ndani. Alitoa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Akaniinulia ile kamshafti dirishani. "Umeona? Hakuna tone. Hii ndiyo kazi ya kuendesha bila oili."

Kisha akainua silinda.

Nimeishi na injini miaka mingi kiasi kwamba hata mimi nilijua kinachopaswa kuonekana. Chombo kikiishiwa oili, kinakufa chote. Pistoni inakwaruzwa, beringi za chini zinalia. Lakini pistoni ile ilikuwa inang'aa. Ukuta wa silinda ulikuwa laini. Chini kote kumelowa oili safi. Palipokufa kwa kiu ni juu tu.

Akabandua karatasi yangu taratibu kwa kisu, akainyanyua kwenye mwanga. Nikaacha pasi nikatoka. Matundu ya bolti yote yalikuwepo, yamekatika vizuri. Lakini pembeni, mahali ambapo oili hupanda kutoka chini kwenda juu, karatasi ilikuwa nzima. Palikuwa na alama nyeusi tu ya duara dogo, mfano wa kifungo cha shati. Tundu lile la oili ni jembamba, halijikati kwa kugonga kama yale mengine. Inabidi ulitoboe kwa mkono, na hakulitoboa. Oili ilifika hapo kila siku, safi, ya kutosha, ikagonga karatasi ya kola ikarudi chini.

"Baba watoto," nikasema.

"Nimeona."

"Kwa hiyo yule mtu—"

"Nimesema nimeona."

Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa ameliona, na bado akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Akarudi kwenye kigoda, akaanza kuosha hedi kwenye beseni langu, lile la nguo nyeupe. Hata beseni sikuligombea.

"Utawaambia lini?" nikamuuliza.

"Nimwambie nani nini? Mwenyewe keshakiri. Wamerudiana. Mambo yametulia, unataka niyachokoe ya nini?"

"Amekiri uongo!"

"Mimi sikumlazimisha."

Roho ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nikamwambia wewe ndiye uliyesema hugusi mpaka akiri, mtu kanyang'anywa maduka, kanyang'anywa mke, sasa unasema hukumlazimisha? Nikamwambia usiposema wewe nitasema mimi, tena sokoni. Akaendelea kusugua. Nilipomaliza pumzi ndipo akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea, "Dada yangu ataniangaliaje?"

Hasira ikanipungua, na kule kupungua kukanikasirisha zaidi. Maana nilitaka kumchukia vizuri, na yeye ananiletea uso wa mtoto aliyevunja glasi.

Kazi yenyewe ilimkomesha. Hedi ya zamani ilikuwa haifai tena, akatafuta ya mtumba iliyo nzima. Akaanza kusaga valvu, anapaka ile dawa ya kusagia yenye chengachenga, anaibandika valvu kwenye kijiti cha mpira na kukipekecha katikati ya viganja. Akamimina petroli kwenye mlango wa valvu kupima, ikavuja. Akapekecha tena, ikavuja. Akaitoa, akaifuta, akagundua chembe moja ya mchanga, akaitupa valvu kwenye nyasi kisha akaenda kuitafuta kwa magoti. Mnyororo wa taimingi aliupanga, akafunga, akazungusha kwa mkono, ikagoma, alama zimepishana jino moja. Akafungua yote. Kwa kawaida huimba akifanya kazi. Safari hii hakuimba, na bisibisi ndefu ilikaa ukutani.

Gasketi mpya alinunua ya dukani. Hata hivyo aliishika mbele ya jua, akachungulia katika kila tundu, akachungulia tena. Alipomaliza kufunga, alilegeza bolti ndogo ya juu ya hedi, akapiga kiki polepole mpaka oili ikachuruzika pale, ushahidi kwamba imepanda.

"Mara ya kwanza ulifanya hivi?" nikamuuliza.

Alikaza bolti.

Wakaja wote wawili kuchukua chombo. Wifi alikuwa amependeza, amemshika mumewe mkono, anaongea kwa niaba ya wote wawili. Mume wangu akawasha. Injini ikashika kwa kiki ya kwanza, ikatulia, ikawa inasema taratibu kabisa, hata mimi nisiyependa sauti zile nilijua hii ni nzima. Shemeji akainama kidogo. "Ahsante sana, shemeji. Na samahani tena kwa uzembe wangu."

"Usiwe na wasiwasi," wifi akadakia, akicheka. "Kuanzia kesho kijiti cha oili nakichomoa mimi mwenyewe. Huyu simwachii tena. Si unamjua, kaka? Akishazubaa!" Akamgusa mumewe shavu kwa kidole, kama unavyomfanyia mtoto aliyekojoa kitandani jana. Na shemeji akatabasamu. Nilipoliona tabasamu lile nilifungua mdomo, nimeshaamua.

Mume wangu aliniwahi. Alizima injini. Akatoa karatasi mfukoni, ikiwa imekunjwa na kulowa oili, akampa dada yake.

"Oili ilikuwepo," akasema. "Mimi ndiye niliyeziba njia. Tundu lilitakiwa kuwa hapo, sikulitoboa."

Wifi akaiangalia karatasi, akaigeuza, akaiangalia upande wa pili. "Sielewi, kaka. Lakini yeye mwenyewe alisema—"

"Alisema kwa sababu yangu. Kwa sababu yetu. Shemeji, nimekukosea. Nimekukosea sana." Uso ulikuwa umemshuka. Sijawahi kumwona mwanamume yule akitafuta mahali pa kuweka mikono yake.

Shemeji alikuwa anakagua kamba za bodi, anazivuta moja moja kama vile bado hazijakaza.

Wifi akamgeukia. Nilidhani ataomba radhi. Lakini binadamu akibanwa na aibu huitafutia aibu hiyo mlango wa jirani. "Kwa hiyo ulinidanganya," akasema. "Ulikaa pale kwenye tairi, ukaniangalia machoni, ukanidanganya, nami nikakuamini. Utanifanyia hivyo mara ngapi?"

Hapo ndipo shemeji alipoacha kamba. Hakupandisha sauti, maana hajui.

"Niliposema kweli, ulibeba begi," akasema. "Nikaisema tena kila jioni pale getini, ukaniambia usiku mwema. Niliposema uongo, ulirudi, ukanipikia, ukalala karibu yangu. Sasa niambie wewe, mke wangu. Kesho ukiniuliza kitu, unataka nikujibu lipi?"

Mume wangu alikuwa anaangalia chini. Mimi nilikuwa na kibanio cha nguo mkononi na nikasahau kukiweka. Wifi alikuwa bado ameshika ile karatasi, imemchafua vidole na hakuwa hata anaona.

Shemeji akapanda, akapiga kiki. Injini ikaitika vizuri. Wifi akasimama kidogo, kisha akazunguka nyuma, akapanda bodini peke yake, kanga ikanasa kwenye ukingo wa bati, akaivuta ikachanika. Mumewe hakumshika mkono wala hakumkataza. Alingoja mpaka aketi, akaangalia mbele, akaingiza gia.

Mume wangu alibaki amesimama pale getini hata baada ya sauti ya injini kupotea. Nilimwita aje ale. Hakusikia, au alisikia.